Upweke wa Mtumishi Ugenini, na Mipaka ya Urafiki wa Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa watumishi wa Serikali, Tunduma)



Niliombwa nichague jambo lenye kutufaa sote, wakubwa kwa wadogo, nami nimechagua jambo ambalo kwa desturi halitajwi katika mikutano yetu. Tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba, posho na kupandishwa vyeo, na hayo yote ni haki yetu kuyasema. Lakini liko jambo moja ambalo mtumishi haliandikii barua kwa mkubwa wake, wala halina fomu ya kujazwa, nalo ni upweke wa mtu aliyepelekwa kufanya kazi mbali na kwao. Mtu akishikwa na homa husema, na akidaiwa husema. Bali akiwa mpweke hunyamaza, kwani huona haya. Huogopa kuambiwa ya kuwa yeye ni mtoto asiyeweza kuachana na mama yake.

Nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ya kuwa urafiki wa wenzetu wa kazini ni neema kubwa, na pasipo huo wengi wetu tungalishindwa. La pili, ya kuwa urafiki huo peke yake hautoshi, na mtumishi autegemeaye huo tu amejenga nyumba yake juu ya nguzo moja.

UPWEKE NI KITU GANI

Watu wengi hudhani ya kuwa mpweke ni mtu akaaye mahali pasipo watu. Mkoa wetu huu watosha kutufundisha ya kuwa sivyo. Mtazameni mwalimu kijana aliyepelekwa katika bonde la Kamsamba, wilaya ya Momba, kule ambako nchi hushuka kutoka vilima vya baridi na kuingia katika joto la Ziwa Rukwa. Shule ina walimu wachache; jua likizama, wachache hao ndio jamii yake yote. Wakigombana wawili kati yao, nusu ya dunia yake imekwisha. Huo ni upweke wa umbali, na kila mtu huuelewa.

Sasa mtazameni mwenzake aliyepangwa hapa Tunduma. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa mji huu una watu zaidi ya laki mbili. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita katikati yake na kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Malori yaliyochukua shaba na malori yaliyochukua mafuta hujipanga mchana na usiku. Huyu hapitiwi na siku asione mamia ya nyuso. Lakini nyuso hizo zote zapita. Dereva aliyemsalimu leo, baada ya siku chache yuko Lubumbashi, na wala hatakumbuka jina lake. Jioni anarudi katika chumba alichopanga, anafunga mlango, na katika mji huu wa watu laki mbili hapana hata mmoja ambaye angalijua kama hakuamka asubuhi, isipokuwa wenzake wa ofisini. Nao wangalijua kwa sababu tu kitabu cha mahudhurio hakina sahihi yake. Huo ni upweke wa wingi, nao ni mgumu kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa hata mwenyewe haamini ya kuwa anao.

Wala tusifikiri ya kuwa maradhi haya ni yetu peke yetu. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa ya kwamba mtu mmoja katika kila watu sita duniani anasumbuliwa na upweke, na ya kwamba vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka vyahusiana nao. Basi anayesema ya kuwa upweke ni jambo la watu dhaifu, na aitazame hesabu hiyo kwanza.

WALIOTUTANGULIA

Katika nchi yetu, watumishi wa Serikali walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonja ugeni wa namna hii. Mkulima alikaa katika shamba la baba yake. Karani alipelekwa palipotakiwa karani. Aliondoka Tanga akaenda Mwanza, aliondoka Bukoba akaenda Lindi, na kila alipofika alikuwa mgeni mwenye kola safi na asiye na ndugu.

Yafaa tukumbuke walivyofanya. Mwaka 1922, mjini Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Kayamba mwenyewe alikuwa mtu aliyejua maana ya ugeni: kabla ya kushika kazi Tanga alikuwa amekwisha kufanya kazi Kenya na Uganda, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani walimfunga Tabora. Chama kile kilikuwa cha kutetea hali za watumishi, lakini tena kilikuwa mahali pa kukutana, kusoma magazeti na kucheza. Waislamu na Wakristo walikaa pamoja ndani yake. Watu waliotoka makabila mbali mbali, ambao vijijini kwao wasingalionana maisha yao yote, waliitana ndugu.

Lakini angalieni jambo lililofuata, kwani ndilo lenye fundisho. Chama kile kilikuwa cha watumishi, na mlango wake uliwafungukia watumishi. Mwaka 1929, mjini Dar es Salaam, kikaanzishwa Chama cha Waafrika, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Waanzilishi wake wengi walikuwa tena watumishi, lakini safari hii mlango ulifunguliwa kwa Mwafrika yeyote, awe karani au mfanya biashara. Na kwa kuwa watumishi walihamishwa huku na huko, walikichukua chama pamoja na mizigo yao, wakakipanda walikofika. Katika mti huo ndipo ilipochipuka TANU mwaka 1954.

Basi twaona ya kuwa uhamisho, ambao ulimfanya mtu kuwa mpweke, uliweza pia kumfanya kuwa daraja. Tofauti ilikuwa katika mlango. Walipoufunga walipata faraja yao wenyewe. Walipoufungua walipata taifa.

Na zamani kabla ya makarani, wako waliosafiri kwa miguu. Misafara ya Wanyamwezi ilipotoka bara kwenda pwani ilipita katika nchi za watu wasiowajua, na mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na mama wala shangazi karibu. Katika safari zile ulikua utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo. Leo vijana hudhani ya kuwa utani ni kutukanana kwa mzaha tu. La, utani ulikuwa ni mkataba. Mtani akikuta mtani wake amekufa ugenini, ilikuwa wajibu wake kusaidia mazishi, na mzaha wake penye msiba ulikuwa dawa kwa wafiwa. Wazee wetu walijua ya kuwa mtu asafiriye kwa kazi ahitaji ndugu asiyekuwa wa damu, na asiyekuwa wa msafara wake mwenyewe. Hayo maneno ya mwisho nawaomba myashike, maana nitayarudia.

WEMA WA WENZETU WA KAZINI

Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akisema ya kuwa nimeudharau urafiki wa ofisini. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na ofisi zilipofunguliwa Vwawa wengi wa waliokuja walikuwa wageni wao kwa wao. Ni nani anayempokea mgeni anaposhuka katika basi usiku na sanduku lake? Ni mwenzake wa kazini. Ni nani anayemwonyesha palipo na maji, duka lisilopunja na mwenye nyumba asiyedai kodi ya mwaka mzima? Ni mwenzake. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na barabara akishikwa na uchungu wa uzazi, ni muuguzi mwenzake anayekesha naye. Mtumishi akifiwa na baba yake, na kwao ni mwendo wa siku mbili, hupitishwa karatasi ofisini, na kabla ya saa sita nauli imepatikana. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hata katika kituo chetu cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa mwaka 2019, ambapo watumishi wa Tanzania na wa Zambia hufanya kazi chini ya paa moja, imeonekana ya kuwa meza zikikaribiana hata mataifa hukaribiana. Mtu hujua mwenzake anakunywa chai ya namna gani kabla ya kujua cheo chake.

Haya yote ni mema. Nami nasema, asiyempenda mwenzake wa kazini hawezi kumpenda jirani aliye mbali.

HATARI ZILIZOMO

Lakini urafiki huu una mipaka yake, na mtu asiyeijua mipaka huumia.

Mpaka wa kwanza ni uhamisho. Barua huja siku ya Jumatatu, na kabla ya mwisho wa mwezi rafiki yako ameondoka. Kama yeye ndiye aliyekuwa jioni yako, na Jumapili yako, na mtu wa kumwita usiku, basi barua moja imekupokonya yote. Wengi wetu tumewaona watumishi ambao kazi yao ilianza kulegea tangu mwezi ule aliohamishwa mwenzao, na wakubwa wakasema ni uvivu. Haukuwa uvivu; ilikuwa ni matanga yasiyotangazwa.

Mpaka wa pili ni cheo. Ofisini kuna mkubwa na mdogo, na kuna ripoti za kazi zinazoandikwa na mmoja juu ya mwingine. Marafiki wawili wakiwa sawa leo, kesho mmoja hupandishwa, na tangu hapo kila neno hupimwa. Na hapa nataka kusema wazi kwa ajili ya dada zetu. Msichana aliyepangwa kazi peke yake mahali pa mbali, asiyekuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mkubwa wake, hana hiari kamili. Akialikwa hawezi kukataa kwa urahisi, kwani akikataa hupoteza mtu pekee wa kuzungumza naye na pengine nafasi yake ya kazi. Huo si urafiki, hata kama unaitwa hivyo. Dawa yake ni sheria, ndiyo. Lakini dawa nyingine ni kwamba msichana yule awe na milango mitatu au minne ya kubisha mbali na ule mmoja: nyumba ya mama fulani kijijini, kwaya, kikundi cha akina mama, jirani mwenye watoto. Mwenye milango mingi huweza kuufunga ule ulio mbaya.

Mpaka wa tatu ni mazungumzo yenyewe. Watumishi wanne wakikaa jioni kila siku, miezi kumi na miwili, hawana la kusema ila ofisi. Watamsema mkubwa, watamsema aliyekwenda likizo, watahesabu nani amepewa safari na nani amenyimwa. Ugomvi wa mchana huja nyumbani usiku, na wa usiku hurudi ofisini asubuhi. Yakiisha maneno, huja kilabu cha pombe. Na pombe ya mtu mpweke haina saa ya kufunga. Wengine huingia katika mikopo ili kuwanunulia wengine vinywaji, wapate kuitwa watu wa watu. Urafiki unaonunuliwa hivyo huisha tarehe kumi na tano ya mwezi.

Mpaka wa nne ni kustaafu. Sheria yatutaka tutoke tukifika miaka sitini. Siku ile mtumishi hupewa zawadi, hupigwa picha, na kesho yake simu yake haiiti tena. Ikiwa kwa muda wa miaka thelathini hakumjua mtu ila kwa njia ya ofisi, basi siku moja inamfanya mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Wako watakaosema, Tuna simu. Ni kweli, na simu ni baraka. Mume aliye Vwawa na mke aliye Mwanza, wanaongoja kibali cha kumfuata mwenza, huonana nyuso kila usiku, jambo ambalo karani wa zamani hakuliota. Lakini simu ina hila yake. Mtu aweza kukaa hapa miaka mitano mwili wake uko Tunduma na masikio yake yako kwao. Anajua nani ameoa huko, na hajui jina la mtoto wa mwenye nyumba wake. Simu hukuletea sauti ya mama. Haiwezi kukuletea uji ukiwa kitandani.

TAABU YA MTUMISHI WA MPAKANI

Sasa nimefika mahali pagumu, na ningekuwa mnafiki kama ningepapita. Mtu ataniuliza: Wasema tufanye urafiki na wenyeji. Je, mimi wa forodha, au wa uhamiaji, au wa polisi, nifanye urafiki na nani katika mji huu? Mwenye duka anapitisha mizigo. Jirani yangu ni wakala wa forodha. Mwenye nyumba yangu ana malori. Nikila kwake leo, kesho atakuja mezani kwangu na karatasi isiyo sawa. Na nikionekana nimeketi naye, wenzangu watasema nimekula rushwa.

Swali hili ni la haki. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 si ya mchezo, na maadili ya utumishi yatukataza kupokea zawadi zenye kuelekeza mkono. Ndiyo sababu watumishi wengi waaminifu wa mpakani hujifungia. Hawatoki, hawaalikwi, hawaaliki. Husema: Afadhali upweke kuliko aibu. Nami nawaheshimu watu hao, kwani wamechagua kuumia wenyewe kuliko kuiumiza kazi ya umma.

Lakini nawauliza kwa upole: je, kujifungia kumewalinda? Tazameni vizuri. Mla rushwa hamfuati mtumishi mwenye marafiki wengi. Humfuata aliye peke yake. Huyo mwenye njaa ya kusemeshwa ndiye anayenaswa kwa neno tamu. Mtu wa kwanza kumwuliza, Umeamkaje, umekula, mama yako hajambo, huyo moyo wake humfungukia. Na mara nyingi mtu huyo wa kwanza ni yule mwenye karatasi isiyo sawa, kwa sababu yeye ana haja ya kuuliza. Upweke ni mlango wa nyuma wa rushwa. Twaufunga wa mbele kwa kufuli, na ule wa nyuma uko wazi.

Basi njia ni ipi? Njia ni kuchagua mahali pa urafiki ambapo kalamu yako haina kazi. Mtumishi wa forodha hana cha kumpa mzee anayemfundisha kulima maharage. Hana cha kupitisha kwa wanakwaya wenzake, wala kwa majirani anaokaa nao msikitini, wala kwa vijana wa timu ya mpira anaowafundisha. Hana ushuru wa kumsamehe mwanamke aliyefiwa, anayemsaidia kuchota maji ya msiba. Tena na ufanyike wazi, mchana, barazani, mbele za watu. Kwani urafiki unaojificha ndio unaotiliwa shaka.

Na siku rafiki huyo atakapokuja mezani, maana mji ni mdogo na siku hiyo itakuja, inuka, umpe mwenzako karatasi ile, useme mbele ya wote: Huyu ni jirani yangu, nashughulikiwe na mwingine. Neno hilo moja hulinda kazi, na urafiki pia. Rafiki wa kweli hataudhika. Na atakayeudhika amekuonyesha alikuwa nani. Na hapa, mabwana, ndipo wenzetu wa kazini wanapohitajika zaidi: si kuwa badala ya majirani zetu, bali kutusaidia kuwa na majirani bila hatari.

YATUPASA KUFANYA NINI

Sikuja kusema maneno matupu. Naomba kuweka mbele ya mkutano huu mambo matano, yapate kujadiliwa.

Kwanza, kila mtumishi mgeni apewe mwenyeji wake kabla hajafika, na mwenyeji huyo asiwe mkubwa wake wa kazi. Ampokee, amtembeze, na katika juma la kwanza ampeleke kumsalimu mwenyekiti wa mtaa na angalau nyumba tatu za jirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumchosha, ni kumfanya mmoja wetu. Mgeni asiyepewa jembe atabaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Pili, tuwe na daftari la wakaao peke yao: walimu wa shule za mbali za Momba, waganga na wauguzi wa zahanati za Ileje na za wilaya ya Songwe, watu wa stesheni za reli. Kila mwezi wawili wetu waende kuwatazama, na wasiende kukagua. Watu wa vituo vya mbali wamechoka kuona gari likija na karatasi za ukaguzi. Lije siku moja na magazeti, chumvi na habari.

Tatu, tujifunze lugha ya mahali. Kiswahili kitakufikisha kila mahali katika nchi hii, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini bibi mzee wa Mbozi akisalimiwa kwa Kinyiha, au wa Tunduma kwa Kinyamwanga, uso wake hubadilika. Wanyamwanga walikuwapo pande zote mbili kabla Waingereza na Wajerumani hawajakubaliana mpaka mwaka 1890. Kwao Nakonde na Tunduma ni ua mmoja uliopigwa uzio. Ukijua salamu yao umepata jamaa katika nchi mbili. Wala haihitaji kitabu. Yahitaji kukubali kuchekwa unapokosea, na huko kuchekwa ndiko mwanzo wa utani.

Nne, mikutano yetu na michezo yetu isiwe ya watumishi tu. Nimekwisha kusema habari za mlango wa 1922 na mlango wa 1929. Timu ya mpira ichanganye watumishi na vijana wa mjini. Tunapofanya karamu ya mwaka, wakulima wa kahawa, mafundi na wazee wa mtaa wakae viti vile vile tunavyokaa sisi, wala si vya nyuma.

Tano, na hili ndilo ninaloliona kuwa kubwa. Mtumishi anapohamishwa huandika hati ya makabidhiano: mafaili kadhaa, funguo, meza, viti na pikipiki. Naomba tuweke desturi ya kukabidhi na majirani. Aondokaye amchukue ajaye kwa mkono, ampitishe nyumba kwa nyumba, aseme: Huyu ndiye aliyeshika nafasi yangu, mpokeeni kama mlivyonipokea. Mzee huyu ndiye aliyenipa mbegu. Mama huyu ndiye aliyekaa nami nilipofiwa. Huyu nilimwahidi kumtazamia mwanawe shuleni, nawe umtazamie. Hapo uhamisho hautakuwa tena kisu cha kukata. Utakuwa kamba ya kuunga. Na kijiji hakitachoka kupenda watumishi, kama kinavyochoka sasa, kwa kuwa kila wanapompenda mmoja hupotea na kuacha shimo.

Mabibi na Mabwana, nilisema ya kuwa wazee wa misafara walijua ya kuwa msafiri ahitaji ndugu asiyekuwa wa msafara wake mwenyewe. Sisi tu msafara. Serikali imetutuma, na itatutuma tena. Hapana hata mmoja wetu aliyechagua jiwe la kukalia. Wenzetu wa msafara na tuwashike mkono, kwa kuwa ndio wanaojua uzito wa mzigo. Lakini tukifika kambini jioni, tusiketi kwa kuzunguka moto wetu tu na kuwapa mgongo wenye nchi. Wao pia wana moto, na mara nyingi wanatungoja tubishe hodi, wakidhani sisi ndio tusiowataka.

Bwana Mwenyekiti, naliweka hilo la makabidhiano ya majirani kama hoja mbele ya mkutano, na naomba lipigiwe kura leo kabla ya kuagana, maana nasikia watatu kati yetu wamekwisha pokea barua zao, na waliopangwa kushika nafasi zao watafika mwisho wa mwezi.